Fyekeo la Downsview

Zephania alikuwa na pigo zuri kuliko yote katika ligi ya Jumamosi ya maghala ya Downsview, Toronto, na hakuwahi kuugusa mpira. Mambo hayo mawili yaliishi pamoja kwa amani, kama mke na mume waliochoka kugombana, mpaka mwaka Brice alipopewa unahodha.

Besiboli, kwa aliyebahatika kutoijua, ni mchezo wa watu wengi kusimama uwanjani wakingoja mmoja afanye jambo. Mrushaji anarusha mpira. Mpigaji ameshika gongo, anangoja kuutandika. Nyuma ya mpigaji amechuchumaa mdakaji mwenye glavu kubwa kama mto wa kulalia, kazi yake kudaka mipira ambayo haikutandikwa. Ukikosa mara tatu umetoka, unarudi kuketi. Ukiupata, unakimbilia beisi ya kwanza, ambayo ni kifuko cheupe kilicholazwa chini, kisha ya pili, kisha ya tatu, mpaka urudi pale ulipoanzia, na hapo timu imepata pointi. Sehemu hiyo ya kukimbia Zephania aliijua kwa kuwatazama wenzake.

Kwenye kupiga, hata hivyo, hakuwa na mwenzake. Alisimama kama mtu anayengoja ibada ianze. Gongo lililala begani kama mtoto aliyeshiba. Mpira ulipokuja, kiuno kilitangulia, mabega yakafuata bila haraka, mikono ikaja mwisho kama wageni rasmi, na gongo likapita hewani kwa duara moja refu, likaenda kutua nyuma ya bega la pili bila kishindo. Kichwa hakikutikisika. Mpira, kwa upande wake, ulikuwa umeshafika kwenye glavu ya mdakaji na kuanza kupoa.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake kuhusu uzuri ule. Mzee Bahadur, mwenye ghala na mnunuzi wa jezi, alizaliwa Moshi na kukulia kwenye kriketi, na alisema siri ni kichwa. "Kichwa kimetulia," aliwaambia watu, akiwamiminia chai kutoka kwenye chupa aliyokuja nayo kutoka Richmond Hill. "Mwili unazunguka, kichwa kinabaki. Mimi nimetafuta kitu hicho miaka yote ya ujana wangu, sikukipata. Huyu anacho bure."

Elias alikuwa na maelezo mengine. "Uzuri wake," alisema, "ni kwamba hauingiliwi na mpira."

Elias alipakia maboksi ghala hilohilo, na siku ya mechi kazi yake ilikuwa kusimama kando ya beisi ya kwanza na kuwapigia kelele wanaokimbia. Ilimfaa. Alikuwa Mpare, na Wapare, kama Wachaga wanavyosema, wako tayari kuuza ng'ombe ili waendeshe kesi ya kuku. Sheria za besiboli alizisoma zote mpaka vipengele vyake vya mwisho, si kwa kuupenda mchezo bali kwa kupenda sheria. Zephania alikuwa Mchaga wa Machame, kwa hiyo wawili hao walikuwa watani, na utani wao ulivuka bahari bila kupungua uzito. Elias hakumwita Zephania kwa jina lake. Alimwita Mangi, cheo cha machifu wa Uchagani ambacho siku hizi hupewa kila Mchaga mwenye duka, na hata asiye nalo kama huyu.

"Mangi, leo tungeutundika mpira mtini kwa kamba, ungekosa kamba pia."

"Wewe unayekula ugali kwa harufu ya samaki wa jirani," Zephania alijibu, "utanifundisha nini mimi?"

Hakuna aliyekasirika. Mtani hakasirikiwi. Mtani pia haaminiwi, na hapo ndipo kuna kazi.

Maana katika miaka yote hiyo Elias alimwita Baba Jacqueline, kwa jina la binti yake, mara moja tu. Ilikuwa asubuhi, alipopanda kwenye jengo lao kule Scarborough na kubisha hodi, amevaa koti la kanisani. Ndugu wa Machame hawakumpigia Zephania simu moja kwa moja. Habari ya namna ile haitupwi sikioni mwa mtu aliye peke yake ughaibuni. Walimpigia Elias, na Elias akaja na miguu yake. "Baba Jacqueline," alisema, "keti kwanza." Mama yake Zephania alikuwa amefariki. Siku ya tatu ya matanga Elias alirudia utani, akadai marehemu alikuwa na deni lake la ndizi, na waombolezaji wakacheka kama inavyotakiwa. Lakini jina lile, likitoka mdomoni mwa Elias, Zephania alilihifadhi pamoja na vitu vya msiba.

Sasa, Brice. Brice alitoka Lubumbashi, aliendesha mashine ya kufunga plastiki, na alikuwa mtu mwenye heshima sana na mwenye kutaka ushindi. Jumamosi moja kabla ya mechi ya mwisho, wakati wa chai, alimvuta Zephania pembeni.

"Papa Zeph, ile pigo yako ni muzuri sana. Batu banaacha simu, banakuangalia. Mimi pia ninakuangalia. Lakini mupira haijue."

"Haijui nini?"

"Haijue kama unapiga." Brice alishika kofia yake mikononi kama aliye mbele ya kaburi. "Jumamosi inakuja ni ya mwisho. Ufike ku beisi ya kwanza, mara moja tu. Kama haufike, mwaka kesho utalinda maji."

Zephania alimtazama Bahadur, ambaye alikuwa amesikia yote na ghafla akaona kifuniko cha chupa ya chai kina hitilafu. Bahadur angeweza kusema neno. Lakini alilelewa kuamini kwamba mwenye timu haingilii maamuzi ya nahodha, na alikuwa tayari kuumia kwa ajili ya imani hiyo, hasa kwa maumivu ya mtu mwingine.

Kulinda maji si kazi mbaya. Unakaa kivulini, unagawa chupa. Lakini Zephania aliendesha foklifti, na dereva wa foklifti hutazamwa siku moja tu, siku anapoangusha mzigo. Kwenye basi la Finch watu waliangalia nje. Kwenye lifti ya jengo lao waliangalia namba za ghorofa. Mahali pekee katika jiji zima ambapo binadamu waligeuza shingo kumwangalia yeye, Zephania, na wakanyamaza, palikuwa kwenye kile kiwanja nyuma ya maghala. Hakuwahi kumwambia mtu jambo hilo. Ni la aibu kidogo, mtu mzima mwenye goti bovu kutaka kutazamwa.

Mkewe Josephine, aliyekuwa akiwahudumia wazee katika nyumba ya kulelea, alirekodi pigo lake siku hiyo na kulituma kwenye kundi la ukoo. Jioni simu ilianza kulia mezani.

"Baba Jacqueline," alisema, "wifi anauliza mbona unasali."

"Nasali wapi?"

"Kwenye video. Anasema unapiga huku unasali. Na mjomba anauliza kama Kanada mnacheza mkiwa mmelala."

Walikaa bega kwa bega na kulitazama polepole. Mguu, kiuno, mabega, mikono. Na pale mpira ulipokaribia, macho ya Zephania yalijifunga taratibu, kama dirisha la benki saa ya kufunga. Yalifunguka gongo likiwa limeshatua.

Josephine alirudisha nyuma wakatazama tena, kwa kuwa mambo mengine mtu hayaamini mara ya kwanza.

"Tangu lini?" aliuliza.

Zephania alijua tangu lini. Sekondari alikuwa mchelewaji, na adhabu ya mchelewaji ilikuwa kufyeka. Kwa kuwa alichelewa kwa bidii, alifyeka kwa miaka minne: kiwanja cha mpira, njia ya bwenini, nyuma ya nyumba ya mwalimu wa nidhamu. Na fyekeo, kila aliyesoma kule anajua, lina lugha yake. Ukitumia mikono, saa sita umekwisha. Unatumia kiuno. Unaliacha bati lile lijipeleke lenyewe, nyasi zinalala kama zimeombwa. Walimu walikuwa wakitoka ofisini na vikombe vyao vya chai kuja kumtazama. Mmoja alimwongezea wiki mbili bila kosa, kwa kupenda tu. Na pale chini, fyekeo linapobusu ardhi, mtu hufumba macho, kwa sababu hapo ndipo vijiwe huruka. Mtoto asiyefumba alijifunza kwa wiki moja, akiwa na kitambaa usoni.

"Kwa hiyo unafyeka," Josephine alisema.

"Inaelekea."

"Katikati ya Toronto."

"Ukifumbua, utaupata," Josephine aliongeza baada ya kufikiri. Akaenda jikoni.

Alirudi na mwiko wa ugali na soksi zilizoviringishwa. Walivisogeza viti ukutani, na Josephine akawa mrushaji. Soksi za kwanza Zephania alizifumbia macho kama kawaida, mwiko ukapita sebuleni kwa utukufu, ukaikosa taa kwa kidole. "Fumbua," alisema Josephine. Alifumbua. Na alipofumbua aliona jambo ambalo hakuwahi kuliona maishani: kitu kinakuja usoni pake. Kiuno kilisahau kazi. Mabega yalipanda masikioni. Mwiko ulichomoka kwa kushtuka kama mtu anayefukuza nyuki, ukazigonga soksi, zikaenda kutua kwenye sufuria ya maharage.

Walifanya hivyo kila jioni. Kufikia Alhamisi alikuwa akizigonga nyingi kuliko alizozikosa. Ijumaa alizigonga zote.

"Nimeweza," alisema, akihema.

"Umeweza," Josephine alisema. Alikuwa akikunja soksi kwa ajili ya kabati. "Ila sikutazami tena. Nimeona nikikutazama nakuonea huruma."

Jumamosi ilikuja na jua la Septemba lisilo na joto. Timu pinzani ilitoka ghala la marumaru, vijana wenye shingo nene. Bahadur alileta kachori. Elias alisimama mahali pake kando ya beisi ya kwanza, mikono kiunoni, kama wakili anayengoja mahakama ikae.

"Mangi," Elias alisema Zephania alipopita, "nasikia umefumbuliwa macho. Ukiona jinsi ulivyovaa usizimie."

"Mpare, wewe lala tu. Leo nakuja huko kukukanyaga."

"Karibu. Hujawahi kufika. Nitakuonyesha choo kilipo."

Mara tatu za kwanza Zephania alipoingia kupiga hazisimuliki. Alifumbua macho kama alivyofundishwa, na mpira, ambao si soksi, ulikuja ukiwa na nia. Alirudi nyuma, akatupa gongo mbele kama anayemsukuma mbuzi. Hakuupata hata mara moja. Kukosa hakukuwa jambo jipya. Jipya lilikuwa lile alilolisikia nyuma yake: watu wakiendelea kuzungumza. Mama mmoja wa timu pinzani, ambaye msimu mzima alikuja na mto wake wa kukalia kwa ajili ya pigo lile, alimuuliza mumewe kama maegesho yanalipiwa. Bahadur alikuwa akitazama kachori.

Kisha ikafika zamu ya mwisho ya mechi, kama inavyofika kwa watu wasioiomba. Timu zilikuwa sawa. Wawili wa upande wao walikuwa wametoka tayari. Wa tatu akitoka, imekwisha. Brice mwenyewe alikuwa amesimama beisi ya tatu, hatua chache kutoka nyumbani, akingoja mtu wa kumrudisha. Mtu huyo alikuwa Zephania.

Mpira wa kwanza aliutazama mpaka machozi yakamtoka, akaurukia, akaukosa. Mpira wa pili vilevile, na kofia ikamvuka. Mrushaji alicheka kidogo, si kwa ubaya. Josephine aliishusha simu akaiweka mapajani.

Zephania aliokota kofia akaipangusa. Alimwangalia Brice kule kwenye beisi ya tatu, ambaye alikuwa ameinama mikono magotini na uso wa mtu aliyeshahesabu chupa za maji. Aliwaangalia watu kwenye viti. Hakuna aliyemwangalia. Basi, alifikiri, hata nikiupata leo, nitakuwa nimebaki kwenye timu ili nifanye kitu ambacho hata mke wangu hataki kukiona. Na kama ni kutoka, wacha nitoke kwa mlango niliouzoea.

Aliliweka gongo begani. Kidevu kikatulia. Josephine, aliyekijua kidevu hicho tangu Moshi, aliinua simu.

Mpira ulikuja. Zephania alifumba macho.

Kiuno kilitangulia. Mabega yakafuata, mikono ikaja mwisho, na gongo likapita juu ya kiwanja cha Downsview kama linavyopita fyekeo alfajiri nyasi zikiwa na umande. Mazungumzo yalikatika katikati ya neno. Mrushaji alisahau kushusha mguu. Mdakaji, kijana mwenye glavu bora kuliko zote kwenye ligi, aligeuza macho kulifuata gongo, kwa dakika ile ndogo tu ambayo binadamu anaruhusiwa kupenda kitu. Mpira uliipita glavu, ukamgonga kifuani, ukaanguka ukabiringika katikati ya miguu yake.

Zephania alifumbua macho. Kimya. Alikijua hiki, ni chake. Aliligeuza gongo chini akaanza kurudi kuketi, taratibu, kwa raha zake.

"Kimbia!" Elias alipiga kelele.

Zephania alitabasamu. Alimpungia mkono.

Kipo kipengele katika sheria za besiboli ambacho hakuna anayekikumbuka isipokuwa watu kama Elias: mpigaji akikosa mara ya tatu katika hali kama ile, na mdakaji naye asiudake mpira, mpigaji hajatoka. Anaruhusiwa kukimbilia beisi ya kwanza. Akifika kabla ya mpira, yumo. Elias alijua hivyo. Brice alijua nusu, na kwa nusu hiyo alikuwa ameshaanza kukimbia kurudi nyumbani, akimpita Zephania aliyekuwa akitembea upande mwingine kama mgeni wa harusi.

"Mangi, kimbia! Hujatoka! Njoo huku!"

"Choo nitakiona baadaye," Zephania alijibu.

Mdakaji alikuwa akiutafuta mpira nyuma, kushoto, kila mahali isipokuwa chini yake. Elias aliacha kuruka. Alisimama wima, akashusha mikono, akavua kofia. Na kwa sauti ile ya mlangoni, ya koti la kanisani, akaita:

"Baba Jacqueline. Njoo."

Zephania alisimama. Aligeuka. Alimwona Elias bila kofia. Aliwawaza wote kwa mpigo mmoja, kaka, dada, mjomba wa video, na akatimua mbio, gongo begani, goti bovu na zima yakienda sawa, jambo ambalo shuleni lingemletea wiki nyingine, kwani ilikuwa marufuku kukimbia na fyekeo.

"Nani?" aliuliza akiwa mbali bado. "Nani, Elias?"

"Njoo kwanza."

"Ni kaka?"

"Kanyaga hapo."

"Niambie ni nani."

"Hajafa mtu. Kanyaga hicho kifuko."

Zephania alikanyaga. Mpira ulifika nyuma yake kwa kishindo kwenye glavu ya mlinzi wa beisi, umechelewa kama yeye alivyokuwa akichelewa shule. Mwamuzi, ambaye naye alichukua muda kurudi kutoka kwenye lile pigo, alitandaza mikono: amefika. Brice alikuwa nyumbani tayari, amelala kifudifudi kwenye vumbi. Mechi ilikuwa imekwisha na walikuwa wameshinda, kwa kukosa.

Kesi ilisikilizwa palepale, kwenye chai.

"Hakupiga," alisema Brice, akijipangusa.

"Mheshimiwa nahodha," alisema Elias, "ulisema afike beisi ya kwanza. Kufika ni kufika. Nilikuwepo, nilimpokea mwenyewe."

"Alifika juu ya kuogopa matanga."

"Njia hukuitaja."

"Na alifumba macho. Mimi nilimuona."

"Hilo nalo hukulikataza. Na ningeshauri usilikataze, kwa sababu yule kijana wa glavu hakuangusha mpira kwa ajili ya macho yako wewe."

Brice alimgeukia Bahadur. Bahadur alikohoa. "Mimi simwingilii nahodha," alisema. Kisha akampa Zephania kachori tatu, wakati kila mtu alipewa moja, akamwachia Brice aelewe atakavyoelewa.

Brice alizihesabu kwa macho. "Bien," alisema mwishowe. "Mwaka kesho apige. Maji nitalinda mimi mwenyewe."

Kwenye basi la kurudi Scarborough walikaa kiti cha nyuma, Josephine katikati yao. Basi lilipofika kituo cha Keele, Zephania aligeuka.

"Elias," alisema, "jina lile usilitumie tena."

"Nimekosa, ndugu yangu."

"Moyo ulisimama."

"Naelewa." Elias alitazama nje kidogo, maduka yakipita. "Tatizo mwakani Brice atataka ufike beisi ya pili. Sasa hapo sijui nitamuua nani."

Zephania aliliwazia jambo hilo kwa uadilifu. "Anza na mashemeji," alisema.

Josephine hakumsikia, au alijifanya hakumsikia. Alikuwa ameinamia simu. Pigo lilipofika mwisho wake nyuma ya bega, alilirudisha mwanzo.